Nilivyovuka Kwenda Kulikagua Darasa la Mwalimu Kabula

Nilivuka kwenda Sengerema kwa sababu sikuamini. Nasema mapema, msije mkadhani nilikwenda kujifunza.

Miaka hiyo, mwishoni mwa ile ya tisini, nilikuwa nafundisha hesabu katika shule moja ya sekondari mjini Mwanza, na saa kumi jioni nasimamia darasa la kompyuta. Mambo yalikuwa yamefunguliwa. Maduka ya watu binafsi yamejaa Nyamagana, viwanda vya minofu ya sangara vinaota kando ya ziwa, na kila mzazi mwenye uwezo alikuwa amesikia kwamba mtoto asiyejua kompyuta atabaki kubeba mizigo ya wenzake. Shule yetu ilikuwa na mashine sita, mitumba ya Ulaya, na darasa langu lilijaa wavulana watupu: watoto wa wafanyabiashara, wa watu wa benki, wa maofisa. Mtoto wa mvuvi hakuwemo. Msichana hakuwemo hata mmoja.

Katika semina ya walimu, ofisa wa elimu alituuliza sababu. Nilisimama nikasema hatumkatazi mtu, wasichana wenyewe hawapendi mashine. Wenzangu waliitikia kwa vichwa. Ofisa alichukua karatasi akasoma kwamba ng'ambo ya ghuba, katika shule ya kijiji kimoja cha pwani ya ziwa wilayani Sengerema, kuna darasa la kompyuta lenye wanafunzi ishirini na wanne, wasichana wakiwa kumi na watano. Mwalimu wao ni Bibi Kabula. Anafundisha sayansi kimu.

"Yaani mapishi?" mwenzangu alininong'oneza. Tukacheka chini chini. Lakini mimi moyoni sikucheka. Kijiji hakina umeme, mwalimu ni wa kupika na kushona, na wasichana wanazidi wavulana. Mtu wa hesabu akiona jumla ya namna hiyo hurudia kuhesabu.

Mkuu wangu wa shule aliniita ofisini wiki hiyo hiyo. "Magesa, nenda ukaone kwa macho yako. Ukikuta darasa ni la kweli, utuletee maarifa. Ukikuta ni la magazeti..." Alinipa bahasha. Ndani mlikuwa na barua iliyokwisha kupigwa chapa, ya kumwomba ofisa wa elimu ahamishe mashine nne za shule ile zije mjini, kwenye umeme wa uhakika. Katikati ya barua palikuwa na nafasi tupu ya mistari mitano. Hapo ndipo ningeandika niliyoyaona. Niliitia bahasha mfuko wa ndani wa koti.

Alhamisi, saa kumi na mbili asubuhi, nilipanda basi la Sengerema. Tulifika kivukoni Kigongo mapema, tukakwama. Magugu maji yalikuwa yamesukumwa na upepo mpaka yakaziba gati zima. Ungeapa ni shamba la kijani, ungeweza kulima. Vijana walishuka na mapanga na nyaya, wakawa wanayakata na kuyavuta, na pantoni ikatusubiri katikati ya maji kama mgeni aliyekosa pa kuvulia viatu. Tulikaa pale muda wa saa tatu.

Mfanyabiashara mmoja wa dagaa alikuwa ameketi juu ya magunia yake. Aliponiuliza niendako, nilimtajia kijiji.

"Kwa Mwalimu Kabula?"

"Unamfahamu?"

"Nani hamfahamu? Anaamsha watoto wa watu kabla jua halijatoka. Shemeji yangu binti yake yumo. Tulimuuliza, unawafanya nini gizani? Akasema wanapanga kadi." Aliguna. "Kadi! Wewe umeona shule ya kupanga kadi?"

Nilitoa daftari langu dogo nikaandika: *kadi, gizani.* Mpaka tunavuka kufika Busisi, gati la ng'ambo, nilikuwa nimeshaipata nusu ya mistari yangu mitano.

Saa nane mchana nilifika kijijini, juu ya keria ya baiskeli niliyokodi Sengerema mjini, vumbi mpaka kwenye nyusi. Shule ilikuwa majengo matatu ya matofali ya kuchoma juu ya mteremko, na chini yake ziwa, na harufu ya dagaa walioanikwa mchangani. Mama mmoja mnene wa umri wa miaka hamsini na kitu alitoka jikoni mwa shule akijifuta mikono kwenye kanga.

"Shikamoo," nilisema.

"Marahaba, mwalimu. Karibu. Pole kwa magugu." Aliniangalia usoni, kisha mkobani, kisha kwenye koti. "Umekuja peke yako?"

"Peke yangu."

"Na gari halikuja?"

"Gari la nini, mama?"

"Nimeuliza tu." Akageuka kutangulia.

Saa tisa jenereta iliwashwa, nikaingizwa darasani. Kweli, walikuwepo ishirini na wanne. Niliwahesabu mara mbili. Wasichana kumi na watano, wameketi mbele, migongo imenyooka. Mashine nne zilinguruma juu ya meza, zimefunikwa vitambaa vya kudarizi ambavyo viliondolewa kwa heshima kama vya kwenye sebule ya watu. Mwalimu Kabula aliuliza maswali, wanafunzi wakajibu kwa pamoja. Hii inaitwaje? Kibodi! Hii? Disketi! Mgeni mwenye haraka angepiga makofi akaenda zake.

Mimi sikuwa na haraka. Niliona kwamba baadhi ya wasichana mashati yao yalikuwa bado na mikunjo ya dukani, na daftari zao hazina hata ukurasa mmoja ulioandikwa. Nilimwomba mmoja aliyekuwa karibu nami abonyeze herufi ya kwanza ya jina lake. Alinyoosha kidole kama anayepima pasi kama ina moto. Aliangalia kibodi huku na huku, machozi yakamlenga.

"Basi, mwanangu, kaa," Mwalimu Kabula alisema haraka. Akaniambia mafuta yanakaribia kwisha. Jenereta ikazimwa.

Jioni nilikula kwake ugali wa mhogo na sato wa kuchemsha. Alinihudumia vizuri sana, na wema huo nao nikautilia shaka. Nilimuuliza alijifunzia wapi kompyuta.

"Sista mmoja wa misheni. Alipokuwa anakaribia kurudi kwao aliniachia mashine na kitabu. Alinifundisha miezi minne. Walimu wa sayansi aliwafuata kwanza, hawakuwa na nafasi."

"Na wasichana wote wale uliwapataje?"

"Niliwaita."

"Wakaja?"

"Umewaona." Kisha akanimiminia chai, nikanywa, nikaaga kwenda kulala kwenye chumba cha wageni cha shule.

Ijumaa, kabla ya kengele ya kwanza, niliamka kwa makusudi. Maneno ya yule wa dagaa yalikuwa yananikera. Nilipita nyuma ya jikoni, nikafuata sauti, nikafika kwenye dirisha la lile darasa. Kulikuwa na mwanga hafifu wa alfajiri, jenereta kimya, mashine zimefunikwa. Ndani walikuwemo watoto kumi na mmoja. Niliwahesabu: wasichana saba, wavulana wanne. Hakuna shati jipya hata moja. Mmoja wa wavulana alikuwa na sikio bovu, nikamwona ameketishwa mbele, na wenzake wakitaka kusema wanamgusa bega kwanza ili awaangalie midomo.

Hawakuwa wakijibu kwa pamoja. Walikuwa wakigombana.

"Hapana, umeruka hatua!"

"Sijaruka. Nimesema afungue katikati."

"Katikati ya nini? Kompyuta haijui unawaza nini. Mwambie!"

Katikati yao msichana mmoja mwembamba alikuwa ameshika bunda la kadi zilizokatwa kwenye maboksi ya sabuni, kila kadi na jina la mtu. Mwalimu Kabula alikuwa ameketi pembeni, anachambua mchele kwenye ungo. Aliniona. Mkono wake ulisimama juu ya ungo.

Niliingia. Watoto walisimama, wakaniamkia, wakanyamaza. Nilimuuliza yule msichana jina lake.

"Nyamizi."

"Mnafanya nini, Nyamizi?"

Alimwangalia mwalimu wake, mwalimu hakumsaidia. Akasema, "Tunatafuta kadi ya mgonjwa. Nilimpeleka bibi hospitali Sengerema, tukakaa toka asubuhi hadi alasiri. Karani anatafuta kadi, anafunua moja moja. Nikamwambia mwalimu, hivi hakuna njia?"

"Ipo?"

"Ipo. Kadi zipangwe kwa alfabeti. Kisha unafungua katikati. Jina unalolitaka likiwa linakuja nyuma ya hilo, unaitupa nusu yote ya mbele, huiangalii tena. Unafungua katikati ya nusu iliyobaki. Hizi ni sitini. Nikifungua mara sita sijaona, basi."

Niliifahamu njia hiyo. Niliisoma chuoni, katika kitabu, na sikuwahi kuifundisha. Wavulana wangu wa mjini walijua kuandika majina yao kwa rangi na kucheza mchezo wa ndege. Lakini hata pale sikukubali. Niliwaza: amekaririshwa. Kasuku naye husema.

"Haya," nikasema, "nitafutie Magesa Bwire." Ni jina langu mwenyewe. Nilijua halimo.

Alifungua katikati, akatupa nusu. Akafungua tena. Wenzake walihesabu kwa vidole, kimya kimya. Mara ya sita alibaki na kadi moja mkononi, akaisoma, akaiweka mezani taratibu.

"Huyu hayumo."

"Una uhakika? Kadi sitini, wewe umesoma sita tu."

"Hayumo, mwalimu." Akaniangalia sawasawa usoni. "Umenipa jina la uongo."

Mvulana wa sikio bovu alicheka, kisha wote wakacheka, na mimi nikahisi masikio yananiwaka. Niliwaambia waendelee. Nikamwomba Mwalimu Kabula tutoke nje.

Tulisimama nyuma ya jikoni. Jua lilikuwa linachomoza upande wa Mwanza.

"Jana walikuwa ishirini na wanne," nikasema. "Leo kumi na mmoja."

"Ndiyo."

"Wale wengine?"

"Wamelala. Ni wa kidato cha kwanza. Niliwaazima."

Nilitegemea angekana. Kwa hiyo sikuwa na swali la pili tayari, na yeye ndiye aliyeendelea.

"Mwaka wa kwanza niliandika kweli tupu. Wanafunzi tisa. Nikajibiwa kwamba mashine nne kwa watoto tisa ni anasa. Toka hapo kila anayekuja anahesabu vichwa. Wafadhili wanataka picha, ofisi inataka namba. Nikawapa. Hakuna aliyewahi kuuliza wale tisa wanajua nini." Akakunja mikono. "Sasa na mimi nikuulize. Hiyo karatasi iliyomo kwenye koti lako, inasemaje? Toka jana unaigusa kila ninapotaja mashine."

Ningeweza kudanganya. Nilitoa bahasha nikampa. Aliisoma yote amesimama, midomo ikitembea. Alipofika kwenye ile nafasi tupu aliweka kidole juu yake.

"Hapa ndipo utakapotuzika."

"Mama, sikuja kuzika mtu."

"Ulikuja na kaburi limeshachimbwa, mwalimu. Limebaki tu jina la maiti."

Nilipokea barua nikaikunja. Nilimuuliza tena lile swali la jana, safari hii nikitaka jibu: wale wasichana saba aliwapataje?

Aliniangalia sana, kama anayepima kama nitalitumia dhidi yake. Kisha akasema. Mwanzoni alibandika tangazo: wenye alama nzuri za hesabu, saa kumi jioni. Wakaja wavulana wanane. Wasichana aliokuwa nao kwenye sayansi kimu aliwauliza mmoja mmoja kwa nini hawakuja. Mmoja akasema saa kumi yuko kisimani. Mwingine akasema baba yake ameambiwa mashine ile ni ya kuwachukua wasichana kwenda Dar. Wa tatu akasema alikuja hadi mlangoni, akakuta wavulana wameizunguka meza, hakuna aliyemsogelea wala kumfukuza, akarudi.

"Nikabadili saa. Ndiyo maana ni alfajiri, kabla ya maji na kabla ya kuni. Nikafuta sharti la alama. Nikawaambia waje wawili wawili, mtu na rafiki yake, maana hakuna anayetaka kuwa peke yake kati ya wavulana. Na mashine nikazifunika. Miezi miwili ya kwanza hawazigusi. Nawauliza, nyumbani kwenu ni kitu gani kinachochelewesha watu? Kila mtu anacho. Wavulana waliokuja kwa ajili ya mchezo wa ndege wakaondoka wenyewe. Waliobaki ndio hao."

"Na wazazi?"

"Nilikwenda kwao. Nyumba kwa nyumba. Wakanihoji kuliko unavyonihoji wewe."

Kengele ilipigwa. Nilimwambia nitaandika kweli, na kwamba kweli hiyo itakuwa na wale aliowaazima.

"Andika," alisema. "Lakini uandike na saa sita za Nyamizi kwenye benchi la hospitali. Usiandike nusu."

Jumamosi nilirudi. Kivukoni hapakuwa na magugu, upepo ulikuwa umeyahamishia kwingine, na tulivuka kwa muda wa kunywa chai. Mistari mitano haikunitosha. Niliandika kurasa tatu kwa mkono, juu ya mkoba wangu, nikieleza wanafunzi wa kuazima, darasa la alfajiri, kadi, na jina langu lisilokuwemo. Ile barua ya chapa nikairudisha ikiwa na nafasi yake tupu.

Mkuu wa shule alisoma kurasa zangu akiwa ameshika kalamu. "Kwa hiyo alidanganya idadi."

"Alidanganya idadi, mkuu. Darasa halikuwa la uongo."

"Hayo ni mambo mawili?"

"Ni mawili."

Hakuonekana kuridhika, na ofisi nayo haikuridhika. Baada ya mwezi mmoja uamuzi ulifika. Mwalimu Kabula alipewa onyo la maandishi. Mashine mbili zilibaki kwake. Mbili zililetwa kwetu, ndani ya gari la ofisi, zikiwa bado zimefunikwa vile vitambaa vya kudarizi. Hakuna aliyeniambia kama kurasa zangu ziliziokoa zile mbili au ziliziuza hizi mbili. Mpaka leo sijui, na nimeuliza.

Nilivikunja vitambaa nikampelekea Mwalimu Kabula kwa mkono wa dereva wa basi, pamoja na barua ya kuomba radhi. Alijibu kwa mstari mmoja: *Usiwape mashine wavulana wale wale.*

Ndipo nilipoanza safari ya pili, fupi kuliko ya kwanza na ngumu zaidi. Nilibadili saa ya darasa, nikaileta mchana. Nikafuta sharti la alama. Nikachukua majina ya wasichana wa kidato cha pili, nikaanza kwenda kwao.

Siku ya Jumanne, mchana, nilikuwa Igoma, pembezoni mwa mji, kwenye kibaraza cha Mama Pendo, fundi wa nguo. Binti yake Pendo nilikuwa nimemfundisha hesabu mwaka mzima na nusu. Mama alinisikiliza huku miguu yake ikiendelea kukanyaga cherehani, shati la mtu likipita chini ya sindano.

"Mwalimu," alisema nilipomaliza, "samahani. Binti yangu umekuwa naye darasani toka mwaka jana. Leo ndiyo umemwona?"

"Leo ndiyo nimekuja, mama."

"Kuna nini? Kuna mgeni anakuja kuhesabu?"

Nilimwambia hakuna.

"Kuna picha mnataka kupiga?"

"Hapana."

"Basi wewe unapata nini?"

Zamani ningekasirika. Mimi ni mwalimu, nimekuja mwenyewe nyumbani kwa mtu kumtakia mema mtoto wake, nahojiwa kama mwizi wa kuku. Lakini nilikuwa nimevuka maji kwenda kumfanyia mtu mwingine hayo hayo, nikiwa na barua mfukoni. Nilijifunza kule kwamba anayetiliwa shaka ana kazi moja tu, kujibu, na asichague maswali. Nikavuta kigoda nikaketi. Nikamweleza saa niliyokuwa nimeipanga vibaya, na wavulana wanavyoizunguka meza, na mashine mbili zilikotoka na nani alizipoteza. Nikamwambia ninachopata ni aibu yangu kupungua kidogo. Hilo ndilo lililomfanya aache kukanyaga cherehani.

"Na atatoka saa ngapi?"

"Kabla ya saa tisa. Aje na rafiki yake."

"Nitafikiri," akasema, akaendelea kushona.

Jumatatu Pendo alikuja, na rafiki yake. Wavulana wangu walisogea kwa shida, nikawaambia wasogee zaidi. Nilikuwa nagawa kadi za maboksi nilipotazama dirishani nikamwona Mama Pendo amesimama uwanjani, mkoba begani, hasogei mbele wala harudi nyuma. Niliweka kadi chini nikatoka kumfuata.

"Ingia, mama. Kiti kipo."

Aliingia. Akakaa nyuma kabisa, mkoba juu ya mapaja, akaniangalia kipindi kizima.